Msaada: kimbunga kinakausha hewa ya juu au kinaongeza unyevu?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa wanaojua mambo ya hali ya hewa. Naandaa projekti ya chuo kuhusu kimbunga Freddy cha 2023, kile kilichozunguka Madagaska, Msumbiji na Malawi, ila upepo na mafuriko siyataki, mi nataka kule juu kilomita 16-17 hivi. Nnavyoelewa mvuke unapandishwa unaganda kuwa chembe za barafu, baridi inafika kama nyuzi -80, barafu ikidondoka hewa inabaki kavu. Sasa kinachonichanganya, yapo mawingu yanayopenya mpaka stratosfia (tabaka la hewa lililo juu ya hapo) yanaacha barafu huko, nayo inageuka mvuke hukohuko, yani unyevu unaongezeka! Kipi kinashinda?

Data nimeona za setilaiti ya Aura ya NASA, inapima mvuke na barafu na ni bure, tatizo haioni tabaka nyembamba, karibu kilomita 3 zinachanganywa pamoja. Halafu volkano ya Tonga Januari 2022 ilirusha mvuke kibao stratosfia, so naogopa itanivurugia, au nihamie kimbunga Idai cha Machi 2019? Supavaiza ananisubiri na laptop yenyewe ndo hii ya RAM 4.