Mliowahi kuanza kusoma Biblia yote mkakwama, mlikwamia wapi? Tupeane uzoefu

Bwana asifiwe wakuu. Nianze kwa kujianika mwenyewe. Nimeanza kusoma Biblia yote mara nne, zote Januari, zote nimetoka kwenye kesha la mwaka mpya nina moto balaa. Sura 1,189 ukigawa kwa siku 365 ni tatu na kidogo kwa siku, unaona mbona kazi ndogo. Mwanzo naenda nayo kama tamthilia, ya Yusufu na kaka zake ilinipitiliza kituo kwenye daladala, Kutoka nayo fresh mpaka pale pa vipimo vya hema, mapazia mangapi mbao ngapi, hapo mwendo unaanza kupungua, nikifika Walawi ndo nazima kabisa. Juzi nimeitazama Biblia yangu kwa ubavuni, kile kipande cha mwanzo kimekuwa cheusi kwa vidole, baada ya hapo dhahabu inang'aa kama imetoka dukani jana, kuna kaweusi kidogo kwenye Zaburi na kengine kwenye injili basi. Na mimi ndo mwalimu wa vijana aisee. Nyie mlivukaje? Mahubiri sitaki, nataka yaliyokukuta.

mjukuu_wa_usambara
Mi ilikuwa Hesabu 7. Nilikuwa namsomea bibi, macho yake yalishaharibika, kila jioni tukishakula analeta kigoda chake karibu na taa. Sasa kwenye hiyo sura wakuu 12 wa makabila ya Israeli wanaleta sadaka, kila mmoja sahani ya fedha yenye uzito wa shekeli 130, bakuli la fedha shekeli 70, kijiko cha dhahabu shekeli 10 kimejaa uvumba, halafu wanyama, na inarudiwa hivohivo neno kwa neno mara 12, sura ina aya 89! Nilipofika mtu wa tatu nikamwambia bibi hawa waliobaki wametoa vilevile turuke. Akanyamaza kidogo akaniuliza, "Siku ya michango ya harusi MC akisoma shemeji fulani elfu hamsini, shangazi fulani elfu hamsini, akifika kwako akasema na wengine nao wametoa vilevile, utakaa?"
Nikasoma wote 12. Kila nikimaliza mmoja bibi anaitikia "haya, ahsante baba", kama ndo yeye kapokea sadaka. Ameshatangulia mbele za haki, na tulimaliza mpaka Ufunuo ingawa ilituchukua kama miaka mitatu hivi.

wa_jumuiya
Sisi Wakatoliki yetu ina vitabu 73 kwa hiyo msituonee tukichelewa kumaliza 😂. Mimi sikukwamia kitabu, nilikuwa sisomi kabisa, nasikiliza masomo Jumapili imetosha. Zamu yangu ikafika kwenye jumuiya, kile kikundi cha majirani tunaosali nyumba kwa nyumba, kuongoza tafakari, Jumamosi saa 12 asubuhi, sijaandaa chochote. Injili Yohana 11, Lazaro. Nikawa nasoma huku nawaza nitasema nini, nikafika pale "Yesu akalia machozi" nikashindwa kuendelea, maana nyumba tuliyokaa, wiki mbili nyuma tulitoka kuzika hapohapo, na mama mwenye nyumba kakaa mkekani mbele yangu. Nikasema jamani mi hapa sina la kuongeza. Kimya, watu wanaangalia mkeka. Halafu yule mama akaanza kuongea mwenyewe, akaongea kama robo saa hivi, tangu msiba alikuwa hajaongea vile. Siku hizi injili ya Jumapili naianza Jumatatu, hiyohiyo moja wiki nzima, na kumaliza Biblia yote sijui lini na wala sina presha.

soja_wa_pwani
Mombasa hapa. Mimi ni soja, yaani mlinzi wa geti, kazi ya usiku, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Nilipewa Biblia ya sauti kwenye memori kadi, naweka sikio moja, lile lingine la kusikiza geti. Walawi nilimaliza kwa masikio, ile sura ya 13 ya ukoma nikiwa nakula mahamri, sikupendekezei mtu. Lakini shida yangu ilikuwa maombi. Mimi nikifunga macho nimelala, hata nipige magoti, nitaamkia kumekucha mate yamejaa mkononi. Sasa naomba nikizunguka na tochi, kila kona ya ukuta nimeipatia mtu wake. Kona ya jenereta ni mamangu. Kona ya tangi ni watoto na fees. Geti dogo ni jamaa mmoja ananidai, huyo namuombea kwa haraka napita.

kalamu_nyekundu
Mnafukuzana na sura kama mbio za nyika, ndo maana mnakata pumzi. Mi nilihubiria vijana Wafilipi 4:13, nayaweza mambo yote, wiki ya mtihani wa form four, watu wakashangilia balaa. Tukitoka mzee mmoja wa kanisa akanivuta pembeni akaniambia kijana kasome wa 11 na wa 12. Nikasoma. Paulo yuko kifungoni anasema amejifunza kushiba na kuona njaa. Mtihani haupo pale. Nilitamani niwarudishe wale vijana wote ukumbini. Toka hapo sihubiri mstari ambao sijasoma sura yake yote.

Mwenye uzi
Wakuu nimesoma zote. Mjukuu, ya bibi yako imenitesa, jana usiku nikafungua Hesabu 7 nikasoma kwa sauti, toka Nashoni siku ya kwanza mpaka Ahira siku ya 12. Dogo wangu wa la sita akawa anajumlisha na kalkuleta ya simu, sahani na bakuli zote, akapata shekeli 2,400. Tukashuka mpaka aya ya 85, imeandikwa 2,400. Akaruka kwenye kochi. Leo asubuhi ananiuliza baba ya nane ina hesabu tena?