Acheni uongo: Mazda 787B haikufungiwa kwa sababu ilishinda Le Mans

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila wiki lazima atokee mtu arushe picha ya Mazda 787B, ile namba 55 ya rangi ya chungwa na kijani, na chini yake maneno yaleyale: "Ilikuwa na mbio mpaka wazungu wakaipiga marufuku." Juzi nimemsahihisha jamaa kwa adabu kabisa kwenye grupu moja la magari, nikaishia kutolewa. Basi nayamwaga hapa.

Le Mans (mbio za magari za saa 24 kule Ufaransa) ya 1991, ile ambayo 787B ilishinda, ilifanyika Juni 22 na 23. Katafuteni jinsi magari yalivyopangwa kwenye mstari wa kuanzia. Nafasi 10 za mbele zilitengewa magari ya kanuni mpya, yenye injini ya lita 3.5 isiyo na tabo. Namba 55 ilianzia nafasi ya 19. Sasa nijibuni: kanuni mnayosema ililetwa kuikomoa Mazda kwa ushindi wake, ilifikaje uwanjani kabla bendera haijashushwa? FISA, waliokuwa wakisimamia mbio za magari wakati huo, walishaamua mabadiliko hayo zamani. Mazda walijua kabisa kwamba muda wa injini ya rota (isiyo na pistoni, ndiyo iliyokuwa ndani ya 787B) unawaishia, ndiyo maana mwaka ule walijitosa mzimamzima.

Halafu hili la kwamba ilikuwa na kasi kuliko zote. Nani kawaambia? Mercedes C11 zilikuwa na kasi zaidi, na mzunguko wa kasi kuliko yote kwenye mbio zile aliuweka kijana mmoja wa Mercedes aitwaye Michael Schumacher. Mercedes namba 1 iliongoza kwa masaa na masaa, zikiwa zimebaki kama saa tatu injini ikachemsha, kwisha habari yake. Mazda ikapita.

Na ilikuwepo hapo nyuma kupita kwa sababu watu walifanya kazi! Takayoshi Ohashi, bosi wa Mazdaspeed, timu ya mbio ya Mazda, alikaa mezani na wasimamizi mpaka gari lake likakubaliwa kukimbia na kilo 830, wakati Jaguar na Mercedes za kundi lilelile zilitakiwa kuwa na kilo 1,000. Kilo 170, wakuu! Gari jepesi linakula mafuta kidogo na halimalizi tairi na breki haraka, na mafuta yalikuwa ya kupimiwa. Jaguar XJR-12 zenye injini ya silinda 12 (V12) ya lita 7.4 zilibanwa na mafuta usiku kucha, zikamaliza za pili, tatu na nne.

Kinachoniuma ni kwamba hadithi yenu ya kuonewa inawafuta mafundi. Injini ya rota ya Mazda ilifika Le Mans mara ya kwanza mwaka 1970, na kwa miaka ishirini walikuwa wanarudi, wanavunjika, wanatengeneza, wanarudi tena. R26B, injini ya 787B, haikuanguka kutoka mbinguni. Rota nne, plagi tatu kwa kila rota, mirija ya kuingizia hewa inayorefuka na kufupika kufuatana na mzunguko wa injini, sili za kauri kwenye ncha za rota kwa sababu sili ndiyo ugonjwa wa rota tangu siku ya kwanza (aliyewahi kumiliki RX-7, gari la Mazda la injini ya rota, ananielewa). Takribani nguvu farasi 700 kwa mizunguko 9,000. Mtu ukishaandika "walionewa" basi yote hayo huyasomi tena.

Hata madereva hamuwataji! Volker Weidler, Johnny Herbert, Bertrand Gachot. Mizunguko 362. Herbert aliendesha zamu ya mwisho mpaka mwili ukaishiwa maji, akashuka garini akaanguka, wenzake wakapanda jukwaani bila yeye. Alikuja kusimama pale mwaka 2011, miaka 20 baadaye, alipoalikwa kuliendesha gari lilelile.

Na mwaka 1992 Mazda walirudi Le Mans na MXR-01 yenye injini ya Judd V10 (ya pistoni, si rota), rangi zilezile, madereva wale watatu na mwenzao mmoja, wakamaliza wa nne. Hilo mbona hampositi?

Moderators, ule uzi uliobandikwa juu kabisa, "Gari lililofungiwa kwa kushinda", naomba ubadilishwe kichwa leo hii. Nimeuripoti mara tatu.