Shilingi 60,000 za kuonja wiski: chupa ina vumbi shingoni, glasini tulimiminiwa nini?

Wanajamvi, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira, ingawa nimejizuia kwa siku mbili nzima ili nisije nikaandika matusi. Ijumaa iliyopita nilihudhuria jioni ya kuonja wiski katika baa moja ndogo ya mtaani kwetu, hapa Sinza. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mwenye baa ni jirani yangu na watoto wetu wanasoma pamoja. Ina meza saba, makochi yaliyochoka na taa za njano, na mhudumu wake hukuamkia shikamoo kisha akakuletea kinywaji chako kabla hujaagiza. Nimekuwa mteja wao kwa miaka sita, ndiyo maana nililipa bila kuuliza swali.

Tangazo lilisema wiski tano, kila moja nusu toti, yaani mililita 15, pamoja na vitafunwa, kwa shilingi 60,000 kwa kila mtu. Tulikuwa watu 14. Vitafunwa vilikuwa karanga na mishikaki iliyopoa, na sitavizungumzia tena.

Glasi zililetwa zikiwa zimekwisha kumiminwa nyuma ya kaunta, na kila moja ilikuwa na barafu. Anayeonja wiski huanza na pua, na baridi huifisha harufu. Aliyetaka kupunguza ukali angetoshwa na matone machache ya maji. Isitoshe, barafu huficha kipimo. Bahati nzuri mezani kwetu alikuwapo mfamasia ambaye mkobani mwake hakukosekani sirinji mpya. Aliondoa barafu kwa uma, akavuta kinywaji chote cha glasi ya pili, akaiinua sirinji kwenye mwanga wa taa ili sote tusome: mililita 9, tena pamoja na maji ya barafu iliyokwisha kuyeyuka. Kama glasi zote tano zilikuwa hivyo, basi kila mmoja wetu alikunywa mililita 45, yaani toti moja na nusu. Wiski ya ghali kuliko zote katika orodha yao huuzwa shilingi 22,000 kwa toti, kwa hiyo hata zote tano zingekuwa za bei hiyo, tulichokunywa kisingezidi shilingi 33,000.

Hata hivyo, wizi wa kipimo ningeuvumilia, maana baa gani haijawahi kutupunja? Kilichonipandisha hasira ni glasi ya tatu. Tuliambiwa ni Lagavulin ya miaka 16, wiski ya kisiwa cha Islay huko Scotland. Wanaoifahamu wanajua kwamba kimea chake cha shayiri hukaushwa kwa moshi wa mboji, yaani udongo wa kinamasi unaochomwa kama kuni, na moshi huo haujifichi: ukifungua chupa sebuleni, aliye jikoni atauliza nani anabanika samaki. Glasi yangu ilinukia sukari iliyoungua, basi. Nilisubiri barafu iyeyuke, nikaifunika kwa kiganja, nikanusa tena. Hapakuwa na moshi hata wa njiti ya kiberiti.

Kijana aliyepewa kazi ya kutueleza, ambaye simlaumu sana kwa sababu ni dhahiri alikaririshwa mchana huohuo, alisema kwamba namba iliyoandikwa kwenye chupa ni idadi ya mapipa yaliyochanganywa. Namba hiyo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo ndani, ikihesabiwa miaka iliyokaa katika pipa la mwaloni. Kwa sheria za Scotland haiitwi wiski kabla ya kutimiza miaka 3. Alisema pia kwamba wiski huendelea kukomaa ikiwa rafuni, jambo ambalo si kweli, kwani ikishatiwa chupani umri wake husimama hapo.

Nikaomba kuiona chupa. Niliipokea kwa mikono miwili, na shingo yake ilikuwa na vumbi ambalo halikuwa na alama ya kidole hata kimoja. Kinywaji kilifika mabegani mwa chupa. Sasa tupige hesabu pamoja: watu 14 kwa mililita 15 ni mililita 210, zaidi ya robo ya chupa ya mililita 750, hata kwa kile kipimo chao cha mililita 9 ni 126, yaani sehemu moja ya sita. Chupa hiyo haikuwa imemiminwa usiku ule. Mwenye baa akajibu kwamba iliyotumika iko stoo. Nikamwomba ailete. Akanishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, usituaibishe mbele ya wageni," na chupa ya stoo hatukuiona hadi tunaondoka.

Najua wapo watakaosema ningekagua stempu ya kodi kwa simu. Nilijaribu, chupa ikachukuliwa mkononi mwangu kabla sijafungua programu. Lakini hata ningefaulu, stempu hiyo huthibitisha chupa iliyotoka kiwandani au bandarini. Chupa ikishafunguliwa na kujazwa upya, stempu itaendelea kusomeka vizuri huku ndani mna kitu kingine kabisa.

Ninadai mambo mawili. Nirudishiwe fedha zangu, na wenzangu warudishiwe zao. Na kama watarudia shughuli hii, chupa zifunguliwe mezani mbele ya walipaji, kisha zimiminwe hapohapo kwa kipimo kinachoonekana.

Kuna dada aliyekaa karibu na mlango ambaye alipiga picha rafu nzima tulipokuwa tukiingia, kabla ya saa mbili usiku. Kama yumo humu, au kuna anayemfahamu, ninaomba sana picha hiyo iwekwe hapa, nami nitaweka niliyopiga wakati wa kutoka, ili tulinganishe kiwango cha kila chupa.