Mjadala: Sanamu za Ugiriki ya kale zibaki nyeupe, au makumbusho yaweke na nakala zenye rangi?

Mtoa mada

Naweka swali mezani. Makumbusho yenye sanamu za Ugiriki ya kale yaweke kando yake nakala zilizopakwa rangi, au jiwe lisimame peke yake? Ubishi huu umechemka tangu watafiti wa Ujerumani Vinzenz Brinkmann na Ulrike Koch-Brinkmann walipoonyesha nakala zao Munich mwaka 2003. Ukawaka upya mwaka 2022 nakala hizo zilipowekwa kati ya sanamu za kale pale makumbusho ya Metropolitan, New York.

Mimi nasema ziwekwe. Hakuna anayetaka kugusa sanamu za asili kwa brashi. Lakini weupe tunaouona Mgiriki hakuuchagua. Umeletwa na mvua, udongo na mikono ya wasafishaji. Mwaka 1937 na 1938, pale British Museum, baadhi ya sanamu za Parthenon, hekalu kuu la Athens ya kale, zilikwanguliwa kwa vifaa vya shaba na kusuguliwa kwa kabarundumu, unga mgumu wa kunolea, ili zing'ae katika ukumbi mpya uliogharimiwa na tajiri Lord Duveen. Chembe za rangi hukaa kwenye ngozi ya juu ya jiwe, kwa hiyo ukiikwangua ngozi hiyo umefuta ushahidi. Kisha mwanafunzi anaingia, anaona weupe, anaambiwa huo ndio urembo wa kale. Anadanganywa, na jiwe lenyewe halina namna ya kumsahihisha.

Patasi

Mkuu, sikubaliani. Kwamba zilipakwa rangi, hilo halibishaniwi. Tunabishania ni rangi ipi, nzito kiasi gani na imepakwaje. Chukua Kore mwenye peplos, sanamu ya msichana aliyevaa vazi refu la kale, aliyefukuliwa Akropoli, kilima cha mahekalu cha Athens, mwaka 1886. Alichongwa yapata 530 K.K. kwa marumaru ya kisiwa cha Paros. Cambridge walipaka nakala yake ya plasta mwaka 1975 wakampa vazi jekundu. Akina Brinkmann wakaja na vazi lenye safu za wanyama, na msichana akawa mungu wa kike: toleo moja Artemi, jingine Athena. Sanamu moja, sura tatu. Mgeni akiona moja tu, hiyo ndiyo atakayoondoka nayo maisha yake yote.

Halafu kuna suala la plasta. Marumaru huruhusu mwanga uingie kidogo ndani kabla ya kurudi, ndiyo maana shavu la jiwe huonekana laini. Plasta huurudisha mwanga kutoka juu juu. Rangi ileile ukiipaka kwenye plasta unapata uso mfu, na watu wanahukumu Wagiriki kwa kosa la plasta.

Kemia ya Mawe

Tuzungumzie ushahidi unapatikanaje, maana wengi hudhani ni kukisia tu. Buluu ya Misri, rangi ya kutengenezwa ya mafundi wa kale, ndiyo rahisi kuikamata. Unaifukuza nuru yote chumbani, unamulika sanamu kwa taa ya LED isiyotoa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), unatumia kamera iliyoondolewa kichujio chake cha infraredi, na mbele ya lenzi unaweka kichujio kinachozuia mwanga wa kawaida. Chembe ya buluu ya Misri hutoa mng'ao wake wenyewe karibu na nanomita 910, basi kwenye picha inaonekana nukta nyeupe juu ya giza. Kwa njia hii mtafiti Giovanni Verri aliiona kwenye mshipi wa Iris, sanamu ya mungu wa kike ya Parthenon, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ukaipata kwenye vipande 11 kati ya 17 vilivyochunguzwa.

Makosa huingia hapa. Taa ya zamani ya waya hutoa infraredi tele, na jua la dirishani vilevile, hivyo sanamu nzima itang'aa na utaona "buluu" kila mahali. La pili ni baya zaidi: azuriti, buluu nyingine itokanayo na madini ya shaba, haing'ai hata kidogo, na mafundi wa karne ya 6 K.K. waliitumia sana. Picha ikiwa nyeusi, usiandike kwamba hapakuwa na buluu.

Pasipobaki hata chembe, kuna mmomonyoko wa jiwe. Rangi zilizodumu zililinda jiwe lililo chini yake kuliko zile zilizochuja mapema, kwa hiyo ukimulika taa kutoka ubavuni, karibu sambamba na uso wa jiwe, michoro hujitokeza kwa vivuli. Sanamu ya mpiga upinde wa hekalu la Afaia, kisiwani Aegina, ambayo iko Munich, mistari ya miraba kwenye nguo zake ilisomwa hivyo. Njia hii hukupa umbo la pambo. Rangi haikupi, na hapo Patasi ana haki.

Fundi Nakala

Kuhusu ule "uso mfu": plasta ina lawama yake, ila kosa kubwa liko kwenye saizi ya chembe. Buluu ya Misri hutengenezwa kwa kuchoma mchanga wa silika, chokaa, shaba na soda kidogo, kati ya nyuzi 850 na 1000 hivi. Ukiisaga mno inapauka. Kwa hiyo fundi wa kale aliiacha chembe nene, na tabaka lake halikuwa laini, likarudisha mwanga kwa namna mbalimbali. Anayepaka nakala kwa buluu ya kisasa ya dukani, iliyosagwa kama poda, lazima apate rangi bapa.

Hata mpangilio una maana. Jiwe lisiachwe na mng'aro wa kioo, maana rangi itabanduka. Mistari ya pambo huchorwa kwanza kwa ncha kali. Kisha tabaka jembamba la matayarisho, kisha rangi ya msingi, kisha maelezo madogo: kope, mboni, ukingo wa nguo. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, anaeleza namna ya kumalizia: nta iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, ikapakwa kwa brashi, ikapashwa moto wa makaa, ikasuguliwa kwa vitambaa safi. Anasema ndivyo walivyozitendea sanamu za marumaru zilizo uchi. Nakala nyingi huishia kwenye rangi ya msingi kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye mikunjo. Matokeo yake ni kazi isiyomalizwa, inayoitwa kazi ya kale.

Mtoa mada

Na aliyemalizia hakuwa kibarua. Plinius, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia kwamba mchongaji wa Kigiriki Praxiteles, alipoulizwa ni zipi kati ya sanamu zake za marumaru anazozipenda zaidi, alizitaja zile zilizoguswa na mkono wa mchoraji Nikias.

Jiwe Tupu

Mnasahau kwamba weupe nao una historia. Winckelmann, Mjerumani aliyeandika historia ya sanaa ya kale, mwaka 1764 aliandika kwamba mwili huwa mzuri zaidi kadiri ulivyo mweupe, ingawa alijua na kueleza sanamu ya Artemi yenye rangi iliyofukuliwa Pompeii, Italia, mwaka 1760. Wachongaji wa baadaye, Canova na Thorvaldsen, walichonga wakiuamini weupe huo. Mchongaji John Gibson alipoonyesha sanamu yake ya Zuhura, mungu wa kike wa mapenzi, iliyotiwa rangi hafifu, London mwaka 1862, lawama zilimwandama. Mtindo uliotufikia ni huo mweupe. Ukijaza ukumbi nakala za rangi, unaufunika urithi wa kweli kwa dhana. Kwa nini msitumie mwanga wa rangi, kama walivyofanya Roma kwenye Ara Pacis, madhabahu ya kale ya marumaru? Unazima, jiwe linarudi.

Fundi Nakala

Mwanga huongeza, haupunguzi. Hauwezi kuweka nywele za kahawia iliyokoza wala mboni nyeusi juu ya jiwe jeupe. Utapata jiwe jeupe lililomulikwa, na ukumbi utalazimika kuwa giza hadi sanamu za jirani zisionekane.

Patasi

Basi masharti yangu ni haya. Nakala itengenezwe kwa marumaru, au angalau kwa mchanganyiko wenye unga wake. Palipopatikana chembe, pakwe. Paliposomwa pambo kwa mmomonyoko tu, pachorwe mistari bila kujazwa. Palipo patupu, pabaki patupu. Na sanamu ikiwa na tafsiri mbili, ziwekwe zote mbili. Bila hayo, nitaendelea kupinga.

Mtoa mada

Nayakubali yote isipokuwa patupu pabaki patupu. Uso wa rangi wenye mikono myeupe utamfundisha mgeni kwamba Wagiriki walipaka nusu. Hapo paingie rangi hafifu ya kukadiria, na kibao kiseme wazi kwamba ni makadirio.

Patasi

Vibao havisomwi. Hapo ndipo tunapoachana.