Naishi kisiwani, lakini riwaya za taharuki za kisiwani hazinitishi tena: naombeni ushauri

Mwalimu wa Nansio

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ukerewe, na kwa mihula miwili sasa nimezama katika riwaya za taharuki ya kisaikolojia, zile ambazo watu wachache hujikuta wamekwama mahali pa mbali, kama vile kisiwani, katika hoteli iliyozingirwa na theluji au katika jumba la mashambani, kisha siri zao zikaanza kufumuka moja baada ya nyingine mpaka unapofika ukurasa unaopindua yote uliyoyaamini. Mdogo wangu aliyeko Mwanza hunitumia vitabu hivyo kwa meli, vitatu vitatu, vimefungwa kwa gazeti.

Nimefika kitabu cha kumi na moja na raha imeniisha. Namshuku kila mhusika tangu anapotajwa, nasoma kwa haraka ili nijue kama nimepatia, na nikipatia naona kitabu ni chepesi, nikikosea naona mwandishi amenihadaa. Wiki iliyopita nilifungua ukurasa wa mwisho kabla sijafika hata katikati, nikasoma aya mbili, nikakifunga kitabu. Kipande cha karatasi nilichoweka kama alama bado kiko ukurasa wa 112.

Jambo la pili linahusu kisiwa chenyewe. Mwandishi akisema kwamba boti haitarudi mpaka bahari itulie, najua kwamba hapo ndipo natakiwa kuogopa, lakini mimi nimekwama hapa mara nyingi kwa sababu ya upepo, jirani akaniletea sato wawili na maisha yakaendelea. Je, nasoma vibaya, nachagua vibaya, au niachane na riwaya za namna hii?

Kurasa za Usiku

Pole sana, Mwalimu. Vitabu kumi na moja vya aina moja mfululizo ni vingi mno, kwa sababu ukisoma hata vitatu mfululizo bila kupumzika, akili inashika mfumo wa waandishi badala ya kushika hadithi. Weka kitabu cha aina nyingine katikati. Na usisome maelezo ya jalada la nyuma, maana wachapishaji wengi siku hizi hutangaza hapo kwamba kuna mgeuko usioutarajia, na tangu dakika hiyo unakuwa ukiusubiri.

Binti wa Maktaba

Naona kiini cha tatizo ni mazoea. Wengi wetu tuliingia katika riwaya za upelelezi kupitia Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi za Muhammed Said Abdulla, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya mwaka 1960, na tukazoea kukimbizana na mpelelezi ili tumfikie mhalifu kabla yake. Mazoea hayo ni mazuri kwa riwaya za upelelezi, lakini katika taharuki ya kisaikolojia swali la nani aliyefanya huwa dogo kuliko swali la kinachomtokea mtu anapobaki na dhamiri yake bila pa kukimbilia.

Chukua *And Then There Were None* ya Agatha Christie, iliyotoka Uingereza mwaka 1939. Watu kumi wanaalikwa katika kisiwa kilicho karibu na pwani ya Devon, na usiku wa kwanza sauti iliyorekodiwa kwenye sahani ya santuri inamsomea kila mmoja shtaka la kifo alichokisababisha. Ukikisoma kwa kukisia tu, utakimaliza kwa siku moja na kukisahau. Lakini kuna mahali ambapo Christie anaandika mawazo ya waliosalia, moja chini ya jingine, bila kutaja lipi ni la nani, na muuaji yumo humo humo akiwaza mbele ya macho yetu. Niliporudia kitabu hicho nikiwa tayari najua mwisho, nilikaa na ukurasa huo karibu saa nzima, nikigawa kila wazo kwa mwenyewe, na nilitishika kuliko mara ya kwanza, kwa sababu nilitambua kwamba sikuwa nimefichwa chochote.

Kwa hiyo, Mwalimu, usijilaumu kwa kufungua ukurasa wa mwisho. Rudi kwenye ukurasa wa 112 na usome ukiwa unajua, ukiangalia jinsi mwandishi alivyokuonyesha ukweli ukaupita.

Msomaji wa Tanga

Naomba nipingane kidogo na dada yangu hapo juu. Ziko riwaya ambazo mgeuko wake ni hila kweli, na msomaji ana haki ya kukasirika. Kipimo changu ni hiki: ikiwa mwisho unategemea pacha, barua au ugonjwa ambao haukuwa na hata kivuli katika kurasa zilizotangulia, hapo mwandishi amekudhulumu, na kitabu cha namna hiyo hakistahili kurudiwa.

Mzee wa Riwaya

Marahaba, Mwalimu. Nitajibu hilo la kisiwa, maana wenzangu wamelipita.

Ukerewe hakikutishi kwa sababu kina watu. Jirani anajua kama umekula, na usipoonekana asubuhi mtu atabisha hodi. Maji peke yake hayamtengi mtu, wala theluji haimtengi. Anayetengwa ni yule asiye na wa kumwamini, au aliye na watu wengi ambao hakuna hata mmoja atakayemsadiki akisema. Soma *Rebecca* ya Daphne du Maurier, ya mwaka 1938. Jumba la Manderley limejaa watumishi na simu inafanya kazi, lakini bibi harusi kijana, ambaye hatutajiwi jina lake mwanzo hadi mwisho, ni mpweke kuliko mtu yeyote aliyekwama kisiwani. Siku zake za kwanza simu inalia, sauti inamuuliza Bi de Winter, naye anajibu kwamba wamekosea, kwamba Bi de Winter amekufa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Anasahau kwamba Bi de Winter sasa ni yeye, mke wa pili. Mimi nilipofika hapo niliacha kumtafuta mhalifu, nikaanza kumhofia yule binti.

Tena huna haja ya kwenda hadi Cornwall, Uingereza, liliko jumba hilo. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, hapo hapo Ukerewe, na katika *Kichwamaji* ya mwaka 1974 Kazimoto anasimulia mwenyewe jinsi nafsi yake inavyomfungia ndani, akiwa amezungukwa na ndugu, majirani na marafiki. Si riwaya ya upelelezi, lakini ni taharuki ya ndani ya kichwa, na mahali pake unapafahamu. Nakushauri tu usiisome katika wiki ambayo moyo wako ni mzito, maana haimhurumii msomaji.

Mwalimu wa Nansio

Nawashukuru wote kwa kunijibu kwa makini. Jana usiku nilirudi ukurasa wa 112 nikiwa na kalamu ya risasi. Kurasa nne tu mbele nilikuta mhusika akimimina chai katika vikombe viwili wakati amesema kwamba yuko peke yake, na mara ya kwanza nilikuwa nimeipita sentensi hiyo kama mtu anayepita nyumba isiyo na taa. Nimeweka alama pembeni na nimeendelea taratibu.

Mzee, *Kichwamaji* niliwahi kuifundisha kama somo, lakini sikuwahi kuisoma usiku kwa ajili yangu mwenyewe. Nakala ya shule imepoteza jalada, ila kurasa zote zipo, na nitaichukua Ijumaa baada ya vipindi. *Rebecca* nimemwagiza mdogo wangu, na nimemwomba safari hii atume kimoja tu.