Rimu ya baiskeli kushushia chambo cha nguru, inafaa?

Swali: Wakuu, fundi wangu yuko Mwanjelwa, Mbeya, boti iko Kilwa. Rimu ya baiskeli ya kuzungushia waya, na risasi (kipande cha madini cha kuzamisha) ya kilo 5 mwishoni mwa waya, vitafikisha chambo kina cha mita 20?

Jibu: Vinafaa mkuu. Chuma cheusi usiguse, chumvi itakila. Rimu ya alumini sawa, ila itenge na ekseli ya stenlesi kwa washa za plastiki. Pima mzunguko wa rimu, uhesabu mizunguko ujue waya ulioshuka.

Jibu: Hesabu hiyo hudanganya! Waya ukilala nyuzi 45, mita 30 zinakupa kina cha 21 tu, punguza mwendo wa boti. Breki usiikaze mno: risasi ikinasa mwambani, rimu iteleze, la sivyo inang'oa ubao wa boti. Mshipi wenye chambo ushikize kwenye waya kwa rababendi ya kufungia noti, mita moja juu ya risasi. Nguru akivuta, rababendi inakatika, mshipi unaachana na waya.