Tupeane uzoefu: mliopaka krimu sebuleni, ilikuwaje?

Mama Pili
Wakuu, jirani anapaka sebule, harufu imenikumbusha yangu. Tulitaka krimu iliyopoa, yenye unjano kwa mbali. Mchana safi. Usiku tukawasha taa, sebule ikawa wodi. Waliopitia haya njooni.

Fundi Rola
Rangi haina kosa, ni balbu. Boksi likiandikwa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), krimu yoyote inageuka nyeupe ya hospitali. Tafuta 2700K au 3000K, zenye mwanga wa manjano. Na ujaribu kipande ukutani kwanza, ukiangalie asubuhi, jioni, na taa zikiwaka. Watu wanachagulia kwenye kikaratasi dukani, kisha lawama kwa fundi.

Bin Forodhani
Nyie wa matofali mna raha. Nyumba yetu ipo Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa. Mjomba akaiona chokaa ushamba, akaleta rangi ya plastiki, krimu nzuri hasa. Masika moja tu, ukuta ukafanya malengelenge. Wayabonyeza kwa kidole, maji yatoka, kisha labanduka pande zima pamoja na chokaa ya ndani. Kuta zile zataka kupumua. Tulikwangua zote, tukarudi kwenye chokaa iliyotiwa rangi ya unga ya manjano kidogo.

Chaupole
Kweli tupu.

Dogo wa Kimara
Hapo kwenye kubanduka mmenikumbusha posa ya dada. Baba kataka sebule ing'ae, tukapiga krimu ya mafuta nusu ya chini ya ukuta. Fundi kamaliza usiku wa kuamkia ugeni, nje mvua. Asubuhi ukigusa inanata. Mama akasogeza viti vyote mbali na ukuta. Mshenga wao, mzee wa suti nyeusi, kaingia, kavuta chake nyuma, kaegemea kabisa! Nani amwambie, na ndo kwanza kaanza kutaja ng'ombe? Shangazi ananikonyeza, mimi naangalia sakafu. Aliposimama, mgongo mzima krimu, ukutani yamebaki mabega yake. Baba wa bwana harusi alicheka mpaka akatoa leso. Ng'ombe wawili wakapunguzwa palepale, eti fidia ya suti.

Kibopa
Nimecheka hadi bosi kanigeukia 😂 Sasa walioana?

Mama Pili
Ng'ombe wawili kwa suti moja? Baba yenu alikubalije?

Mpole Mkali
Mafuta sebuleni ni ushamba. Piga silka, ile rangi ya maji inayong'aa kidogo, mtoto akichora unafuta na kitambaa.

Fundi Rola
Silka kwenye ukuta wenye mabonde? Kila bonde litaonekana. Skimu kwanza ukuta ulainike, la sivyo piga isiyong'aa. Na pulasta mpya iache ikauke kama wiki nne.

Mpole Mkali
Wiki nne nalala wapi, kwako? Mimi nilipaka pulasta mbichi na iko poa.

Bin Forodhani
Ngoja masika.

Dogo wa Kimara
Walioana @Kibopa. Shemeji hadi leo akija hugusa ukuta kwanza ndipo akae.

Kibopa
😂😂 Ndoo ya lita 20 inatosha sebule?

Fundi Rola
Pima ukuta. Lita moja ni kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, na krimu inataka mikono miwili. Nunua zote siku moja, ndoo ya wiki ijayo haitafanana.